Daftari la Maziwa

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 chama cha TANU kikaagiza kutojua kusoma kufutwe nchini ifikapo mwisho wa 1975. Mama yangu, Mwarusha aliyeolewa huku Sombetini, Arusha, aliingia kisomo cha watu wazima wakati huo. Jioni watu wazima walikalia madawati ya watoto wao. Mtihani wa taifa wa 1975 uliwapanga kwa hatua nne. Wa hatua ya nne alitakiwa aweze kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake.

Wanaosimulia habari hii huishia 1986, wasiojua kusoma walipohesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Kazi ile naiheshimu sana. Ila nimekulia miongoni mwa wahitimu wale, na naona kilichowafanya wasomaji si mtihani. Jirani yetu mmoja alifaulu vizuri, akarudi shambani ambako hakukuwa na siku iliyomdai aandike neno. Baadaye akawa anaita watoto wamsomee barua zake. Mama alifaulu kwa shida, lakini alikuwa akikopesha maziwa.

Mwanzoni daftari lake lilikuwa vijistari tu, chupa moja mstari mmoja. Kisha ikaingia "M Nema". Baadaye: "Mama Neema chupa 2, bado 1." Nyumbani tulisema Kimaasai, Kiswahili alikiokota sokoni, kwa hiyo lugha na herufi alijifunza pamoja, tena kutoka kwa watu aliowadai. Mteja akibisha, daftari linafunguliwa palepale, mama anasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Darasani, wenzake wanasema, alikuwa akinong'ona.

Jumapili kanisani kulikuwa na kitabu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana. Nyimbo alikuwa nazo kichwani tayari, macho yakafuata maneno anayoyajua. M-Pesa ilipoingia nchini 2008, ujumbe wa hela aliusoma mwenyewe.

Nami nafuata njia ya mama. Nina cherehani Mbauda, hapa hapa Arusha. Binti ninayemfundisha kushona aliachia shule darasa la tatu, na daftari la vipimo nimemkabidhi yeye: kifua, kiuno, urefu, jina la mteja, siku ya kuchukua. Akikosea tarakimu, gauni linabana na mwenye nguo anarudi nalo. Siku hizi anaongeza maelezo yake pembeni: "mikono mifupi, hataki lemba."