Kazi za Mikono za Watoto Wetu, Tangu Kale Hata Leo

Katika nchi ya Abakuria, hapo kale, mtoto hakutengewa mahali pa kufundishwa kazi za mikono. Alijifunza palepale wazee walipokuwa wakifanya kazi. Kwanza aliachiwa udongo aumbe ng'ombe wake wa kuchezea. Kisha akapewa nyuzi asokote kamba. Na mkono wake ulipotulia ndipo alipoaminiwa kisu. Mwenye kipawa alijifunza kuunda iritungu, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi 8, ambacho tumbo lake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi.

Wala tusidhani kwamba wazee walishika ya kale tu. Mkonge, ambao leo twauona kuwa mmea wa kwetu, asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanganyika mwaka 1893. Mafundi wa Afrika Mashariki waliupokea: wakakwaruza majani, wakaanika nyuzi, wakazisokota juu ya paja.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na kazi za kijijini. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu wa njia hiyo. Wazazi wengi walilitilia shaka shauri hilo, wala hawakukosa sababu, kwa maana waliona mtoto wa Mzungu akipewa kitabu, na wa kwao akielekezwa kwenye jembe na kikapu. Hivyo kazi ya mikono iliingia shuleni ikiwa na doa la unyonge.

Baada ya Uhuru, mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliirudishia heshima kwa kutahini sanaa na ufundi mwishoni mwa shule ya msingi. Mtihani huo ulipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo likalala. Kwani lisilotahiniwa halipewi saa. Mtaala wa Umilisi, ulioenea nchini kote mwaka 2019, umeliamsha tena.

Hapa ndipo penye shauri letu, wazee na wanachama wenzetu. Wazazi hunung'unika kwamba watoto waagizwa vifaa vya dukani, ilhali udongo, mkonge, vibuyu na majani makavu ya migomba vyapatikana karibu na nyumbani. Tena miti imepungua, mingi ikiwa imekatwa kwa kukaushia tumbaku. Na fundi mzee akifariki pasipo mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa naye.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Mwenye ufundi ajitolee kwenda shuleni, naye apokewe kwa heshima ya mwalimu. Kila boma lipande miti, na mkonge mpakani mwa shamba. Na mzazi asimwambie mwanawe kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa na kitabu. Mtoto aweza kushika kalamu na kisu pia, na mikono yake ni miwili.