Sentimita 35 za Utendi wa Tambuka

Kwa miaka mingi niliwafunza vijana wa sekondari kuunda mstari wa wakati wa ushairi wetu, na kwa miaka kadhaa kati ya hiyo niliwafunza kosa. Naona haya kidogo kulikiri mbele ya washairi.

Njia yenyewe niliipata chuo cha ualimu. Tulinyoosha kamba ukutani, mita moja kwa kila miaka 100, tukabana vikaratasi vya matukio. Kipimo hakibadiliki: mtu akiikunja miaka 50 iwe shubiri moja kwa sababu haifahamu vizuri, mstari wake umekuwa mwongo. Jambo la siku moja ni fundo. Lililodumu ni utepe. Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, 1696 hadi 1698, ni utepe. Uhai wa Shaaban Robert, 1909 hadi 1962, ni utepe vilevile.

Kosa langu lilikuwa katika Utendi wa Tambuka. Nakala ya mkono ya kale kabisa tunayoijua ina mwaka wa Hijria 1141. Mimi, kwa kujua kwamba Hijra ilikuwa mwaka 622, nilijumlisha tu, nikapata 1763. Hakuna aliyepinga mpaka siku moja mwanafunzi aliponyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Ramadhani hutangulia kila mwaka siku kumi au kumi na moja. Je, hizo siku tumezihesabu?"

Hatukuwa tumezihesabu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka yake 33 ni takriban miaka 32 ya jua. Gawanya 1141 kwa 33, toa jibu katika 1141 hiyo hiyo, ndipo uongeze 622: utaangukia 1728. Na kwa kuwa mwaka huo ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729, pasipotajwa mwezi ni uaminifu kuandika 1728/29.

Kikaratasi kikarudi nyuma sentimita 35, kikagota kwenye utepe tuliokwisha kuubana: Wareno kuirejea Mombasa mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka uliofuata. Kumbe utendi wa Waislamu kupigana na majeshi ya Kirumi ya Herekali ulikuwa ukiandikwa wakati mizinga ya Wakristo imerudi pwani! Darasa zima lilisimama kuangalia. Sidai kwamba hili lilizaa lile. Kamba huonyesha ujirani, haionyeshi uzazi. Lakini kwa miaka yote ile ya 1763 yangu, hata swali hilo lisingeweza kuulizwa.

Tena mwaka ule ni wa nakala. Utungo waweza kuwa na umri zaidi. Kwa hiyo nyuma ya kila kikaratasi nikaanza kuandika neno moja: kutungwa, kunakiliwa, au kuchapwa. Cha Tambuka, ambacho bado ninacho, kinasema: kunakiliwa.