Matende ya kisu: historia ya mkono unaovimba

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo naomba tuweke siasa pembeni, tuzungumze juu ya mkono wa mama yangu mdogo.

Mama mdogo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, kisha akapigwa mionzi. Kidonda kikapona, tukamshukuru Mungu. Miezi kadhaa baadaye mkono wa upande ule ule ukaanza kuvimba. Pete ikagoma kuvuka kidole, mkono wa gauni ukawa unabana. Majirani wakasema ni matende. Wengine wakaenda mbali zaidi, eti karogwa. Siku aliyoruhusiwa hospitali alikuwa ameambiwa neno moja tu: huo mkono usiubebeshe kitu. Akatii. Mwanamke aliyezoea ndoo, mchi na jembe akakaa kitako, na mkono ukazidi kuvimba.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba wale majirani wa matende hawakukosea sana!

Mwili una mishipa midogo ya limfu inayokusanya maji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Njiani yanapita kwenye tezi, na tezi za mkono zipo kwapani. Matende tunayoyajua watu wa Pwani huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ambayo huiharibu mishipa hiyo. Kwa mgonjwa wa saratani ya titi kinachoharibu njia ni kisu kilichoondoa tezi za kwapani, au mionzi. Chanzo ni tofauti, lakini maji yanakosa njia vile vile. Wataalamu wanaita limfedema.

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka 1894, William Halsted, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, alitoa taarifa ya wanawake 50 aliowapasua. Aliondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Aliamini kwamba saratani inasambaa hatua kwa hatua, hivyo ukikata eneo kubwa unaiwahi. Dunia ikamfuata kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya kufa, Halsted huyo huyo aliandika juu ya mikono inayovimba baada ya operesheni hizo. Jina alilotumia, ukilileta kwa Kiswahili, ni matende ya upasuaji. Aliona kwamba maambukizi yana mchango mkubwa. Tatizo lilijulikana mapema kiasi hicho, lakini kisu hakikupunguzwa.

Aliyetikisa imani hiyo ni Bernard Fisher wa Pittsburgh. Kuanzia mwaka 1971 aliongoza utafiti wa wanawake zaidi ya 1,600, akilinganisha operesheni ya Halsted na zile ndogo zaidi. Matokeo ya miaka 25 yalitoka mwaka 2002: waliokatwa sana hawakuishi zaidi ya wenzao. Hebu fikiria ni wanawake wangapi waliokuwa wamebaki na mikono mizito wakidhani ndiyo bei ya kuishi!

Katika miaka ya 1990 madaktari walianza kutumia rangi au dawa yenye mionzi kidogo ili kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye titi. Tezi hiyo inapimwa. Ikiwa safi, nyingine zinaachwa. Mwaka 2003 Umberto Veronesi na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha utafiti wa wanawake 516 ulioonyesha kwamba njia hiyo inafaa, na walioachiwa tezi zao walipata matatizo machache ya mkono. Kwa hiyo kinga ya kwanza inaanzia chumba cha upasuaji: usikate kisicholazimika. Anayefika saratani ikiwa imeshakomaa kwapani mara nyingi hana bahati hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza kuwahi.

Vipi kuhusu ile amri ya kutobeba kitu? Mwaka 1996 Don McKenzie, daktari wa michezo wa chuo kikuu kule Vancouver, Canada, aliwapandisha wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi kwenye mtumbwi mrefu wa Kichina wenye kichwa cha joka, wapige kasia. Wengi walitegemea mikono ivimbe. Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Kisha mwaka 2010 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani wa wanawake 154 waliokuwa hatarini. Walionyanyua vyuma taratibu, chini ya uangalizi, waliovimba ni asilimia 11. Kwa wasionyanyua ilikuwa asilimia 17. Misuli ikifanya kazi inayasukuma yale maji.

Sisemi mtu atoke wodini akajitwike ndoo ya lita 20. La hasha! Walianza na uzito mdogo sana, wakaongeza kidogo kidogo. Mambo mengine ni haya: ngozi ya mkono huo itunzwe, kidonda hata kidogo kisafishwe, na uzito wa mwili usipande ovyo. Mkono ukianza kuwa mzito au kubana, nenda mapema, maana mwanzoni unadhibitika kirahisi. Ukiwa mwekundu na homa juu, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mdogo sasa anaonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anavaa soksi ya mkono ya kubana, na ananyanyua chupa ya maji ya nusu lita kila asubuhi huku akihesabu kwa sauti. Mkono haujarudi kama zamani, na huenda usirudi. Kinachoniuma ni kwamba haya yote yalikuwa yanajulikana siku ile alipopewa lile neno moja mlangoni. Mgonjwa anayeruhusiwa anastahili nusu saa ya maelezo, si sentensi moja.

Kama una dada, mama au shangazi anayesubiri operesheni, muulizieni daktari mapema: tezi ngapi zitatolewa, na mkono utatunzwaje?

Naomba kuwasilisha.