Ghala la Silaha la Graz na Adui Wake Kutu

Huenda msomaji akajiuliza: bunduki na walimu wa lugha, wapi na wapi? Sisi twaona uhusiano upo. Vitu vya kale ni kumbukumbu kama zilivyo hati, na maneno tunayoyafundisha, mathalan mtutu, kitako na baruti, yana vitu nyuma yake ambavyo wengi wa wanafunzi wetu hawajapata kuviona. Basi yafaa tueleze jinsi silaha za kale zilivyodumu karne kadhaa chini ya paa moja pasipo kuliwa na kutu. Mahali penyewe ni mbali na kwetu, lakini hatujui pengine penye mfano ulio wazi zaidi.

Katika mji wa Graz, makao makuu ya jimbo la Steiermark nchini Austria, lipo ghala la silaha ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1642. Zama hizo jimbo hilo lilikuwa karibu na mpaka wa Dola ya Waturuki, na Baraza la Wakuu wa jimbo lilikusanya silaha kwa maelfu ili raia wagawiwe siku ya hatari. Halikuwa jumba la fahari, bali ghala la kazi. Hadi leo limehifadhi vitu vipatavyo 32,000: deraya, panga, mikuki, bastola na bunduki, vimepangwa safu kwa safu katika ghorofa nne.

Silaha inayoweza kutakiwa usiku bila taarifa haiachwi ishike kutu. Kwa hiyo walikuwapo mafundi wa kuisugua, kuitengeneza na kuipaka mafuta. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Baruti ya kale ilikuwa mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, na masizi yake yakibaki ndani ya mtutu huvuta unyevu wa hewani na kuanza kula chuma mara moja. Dawa yake ilikuwa maji ya moto, kisha kukausha kabisa, kisha mafuta. Wengine hushangaa kusikia kuwa bunduki huoshwa kwa maji. Lakini chumvi za masizi huyeyuka katika maji, wala hazitolewi kwa mafuta peke yake. Fundi aliyepaka mafuta juu ya masizi alikuwa amemfungia adui ndani ya nyumba.

Baada ya kusafisha lipo suala la kuweka. Ndani ya ghala la Graz sakafu, dari na vishikizo ni vya mbao. Mbao hunywa unyevu hewa inapokuwa nzito na kuutoa polepole inapokuwa kavu, hata mabadiliko ya ghafla yakapungua. Na chuma kisichogusana na jiwe baridi hakipati umande kwa urahisi. Hata hivyo si kila mti unafaa. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaodhuru hasa risasi, neno ambalo kwetu ni jina la madini na la kile kinachofyatuliwa pia. Vidonge vya risasi vilivyofungiwa muda mrefu katika kasha la mwaloni huweza kugeuka unga mweupe.

Ala ya ngozi nayo, ambayo wengi huidhania kuwa kinga, hushika unyevu na dawa zilizotumika kulainishia ngozi. Ni nzuri kwa safari, mbaya kwa kukaa. Mafuta mengi pia si heri. Bunduki iliyosimama kwa kitako miaka mingi huteremsha mafuta hadi katika mbao zake, nazo zikalainika na kuoza pale pale zinaposhikana na chuma. Ndiyo sababu watunzaji wa makumbusho siku hizi hupaka tabaka jembamba la mafuta au nta, na huvaa glavu, kwani jasho la kidole lina chumvi, na alama ya kidole juu ya chuma kilichong'arishwa huweza kuwa kutu iliyochorwa kwa umbo la mkono wa mtu.

Lakini mwaka 1749 ghala hilo lilikabiliwa na hatari isiyotibika kwa nta. Malkia Maria Theresa alitaka kuuweka ulinzi wa nchi zake chini ya serikali moja, na maghala ya majimbo hayakuwa na kazi tena. Silaha nyingi za Graz zilikuwa zimepitwa na wakati. Chuma chake kingeweza kuyeyushwa na kutumiwa upya. Wakuu wa jimbo wakamwomba Malkia asiliondoe ghala lao, wakisema kwamba ni ukumbusho wa historia ya nchi yao na wa ushujaa wa watu wake. Naye akakubali. Sisi twaliona ombi hilo kuwa jambo la ajabu kwa karne ile, maana kwingineko vyombo vya vita vilivyochakaa viliuzwa au kurudishwa tanuruni bila mtu kuuliza. Tangu hapo silaha za Graz zikawa hazingoji vita tena. Kazi ya kuzifuta na kuzikagua, hata hivyo, haikukoma, na watunzaji wa leo wangali wanaifanya, safu kwa safu.