Jaguar chini ya Ford

Anayetaka kujua saspensheni ya nyuma ya gari la kale lililoundwa upya ilitoka wapi, aamini chuma kabla ya maneno ya muuzaji. Mafundi wa Marekani waliofungia Ford za miaka ya 1930 injini mpya walipenda kuchinja Jaguar, kwa kuwa mfumo ulioanza mwaka 1961 na E-Type na Mark X ulishuka mzima mzima, ukiwa ndani ya fremu yake. Alama zake hazifichiki hata ukipakwa kromu (na ulipakwa sana). Diski za breki zimeibana difu badala ya kukaa magurudumuni, kila upande una shokapu mbili zilizovikwa springi, na shafti ya gurudumu hufanya pia kazi ya mkono wa juu.

Wapo wanaodai kwamba nati za rimu zinatosha. Hazitoshi: nati tano za Jaguar XJ6 zimepangwa kwenye duara la inchi 4.75, sawasawa na Chevrolet nyingi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpangilio huu wa saspensheni uliigwa baadaye. Kweli, umbo peke yake halithibitishi asili, ndiyo maana ganda la difu lisafishwe, namba zake zisomwe, kisha upana upimwe, maana mfumo wa E-Type ni mwembamba kuliko wa Mark X.