Kutoka Fuawe hadi Tarakimu: Historia Fupi ya Lugha ya Uundaji katika Nchi ya Unyamwezi

UTANGULIZI

Makala haya yanahusu istilahi za usanifu na uundaji wa vitu kwa njia ya kompyuta. Katika kazi hiyo mwanafunzi huchora kifaa kwenye kioo cha kompyuta, kisha mashine inayoongozwa na mchoro huo hukikata, hukichonga, au hukijenga tabaka juu ya tabaka mpaka kikatimia. Kazi hiyo imekwisha kuingia katika vyuo na karakana za Afrika Mashariki, lakini lugha yake ya Kiswahili bado haijatulia. Mwalimu hufundisha kwa maneno ya Kiingereza yaliyounganishwa kwa viambishi vya Kiswahili, mfasiri hubuni yake, na orodha za istilahi zina yake pia.

Rai yetu ni hii: istilahi ya ufundi huzaliwa pale mkono unapofanya kazi, na hufa pale kazi inapokoma. Ushahidi tutautafuta katika nchi iliyo kati ya mji wa Tabora na Lusu, wilayani Nzega, ambako misafara ya zamani ilipita.

MAJEMBE KATIKA SOKO LA TABORA

Tabora ya karne ya 19 inajulikana zaidi kwa pembe za ndovu, watumwa, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi. Wengi husahau kwamba ilikuwa pia soko kubwa la chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikisiwa kwamba majembe yapatayo 150,000 yaliletwa kuuzwa Tabora kila mwaka, na mengi yalitoka kwa wahunzi wa upande wa kaskazini-magharibi, hususan Uzinza. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilitolewa mahari, lilitumika kama fedha katika biashara, na lilibebwa na misafara kama mali.

Kazi hiyo ilikuwa na lugha yake kamili. Kamusi za zamani zimetuhifadhia sehemu yake. Kufua ni kupiga chuma kikiwa moto, na kusana ni kufanya kazi hiyo ya uhunzi, ndiyo maana mhunzi huitwa pia msana. Fuawe ni chuma au jiwe la kufulia, na koleo ni la kushikia kilicho moto. Mivukuto ndiyo iliyopuliza tanuri, na kitendo cha kuipiga ni kuvukuta. Kewa ni kibomba cha udongo kilichoikinga ncha ya mvukuto isiungue motoni. Ikiwa chuma kiliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kazi hiyo iliitwa kusubu.

Msomaji atambue namna maneno hayo yalivyofundishwa. Hapakuwa na kitabu. Kijana aghalabu alianza kwa kuvukuta, akaendelea kwa kushika koleo, na nyundo aliipata baadaye. Neno na kitendo vilimwingia pamoja, na aliyelijua neno kewa alikuwa amekwisha kuiona ikipasuka kwa moto.

Utawala wa kikoloni ulipoimarika, majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuja kwa wingi na kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 iliyarahisishia safari. Tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma zilizimika moja baada ya nyingine, na wahunzi waliobaki wakawa wanafua vyuma vikuukuu. Tanuri zilipozimika, maneno yake nayo yalihama kutoka vinywani yakaingia katika kurasa za kamusi. Leo ni wachache sana wanaolijua neno kewa, ingawa hakuna sheria wala kikao kilichowahi kulifuta.

LUSU: SHIMO LILILOCHORWA KABLA YA KUCHIMBWA

Karne moja baadaye kazi ya madini ilirudi katika nchi hiyo kwa sura nyingine. Katika eneo la Lusu ulifunguliwa mgodi wa Golden Pride uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia. Ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa mwaka 1998, na ndio uliotangulia migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini Tanzania. Baadaye uzalishaji ulikoma, na eneo pamoja na majengo yake likakabidhiwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Hivyo mahali palipokuwa mgodi pakawa pa kusomea.

Tofauti kati ya tanuri ya mhunzi na mgodi wa namna hiyo si ya ukubwa peke yake. Mhunzi aliubeba mchoro wa jembe kichwani na mikononi mwake. Mgodi wa kisasa huchorwa kwanza: vipimo vya miamba huingizwa katika kompyuta, kuta za shimo hupangwa kwa mwinamo maalumu, na ngazi zake huhesabiwa kabla ya jiwe la kwanza kuondolewa. Kuchora kumetengana na kutenda. Hapo ndipo ugumu wa istilahi unapoanza, kwa sababu mtu anaweza kuyajua maneno ya mchoro pasipo kuijua kazi, au akaijua kazi pasipo maneno ya mchoro.

MASHINE IONGOZWAYO KWA TARAKIMU

Mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe. Katika miaka ya 1980 zilivumbuliwa mashine zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka badala ya kukichonga. Mwaka 1998, katika chuo hicho hicho, Neil Gershenfeld alianzisha somo la kutengeneza karibu kila kitu. Wanafunzi hawakukaa kusikiliza mihadhara tu, bali kila mmoja alitakiwa kuunda kifaa chake mwenyewe. Kutokana na somo hilo zilitokea karakana ndogo za uundaji, na mwaka 2004 moja ilifunguliwa katika chuo cha ufundi cha Takoradi, Ghana. Baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikapata yake.

Kwa upande wa Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia ilianzisha jijini Dar es Salaam kituo cha vijana wabunifu kilichopewa jina la Buni. Arusha, fundi baiskeli Bernard Kiwia alishiriki kuanzisha karakana ya Twende, ambako wanafunzi husanifu na kuunda zana kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo. Majina yote mawili ni vitenzi vya Kiswahili. Walioyachagua hawakuona haja ya kuazima.

Kwa hakika mafunzo ya namna hii si mageni kwetu kifikra. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kwamba shule iwe pia mahali pa kazi, na mwaka huo huo ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge. Shule ya kazi na lugha ya kazi zilizaliwa pamoja.

NENO LILILOPWAYA

Naomba ruhusa ya kutoa mfano wa kosa langu mwenyewe. Katika rasimu ya istilahi za uundaji niliyoitayarisha mezani palikuwa na dhana moja muhimu, nayo ni kile kiasi kidogo cha nafasi kinachoachwa kati ya vipande viwili ili viingiane. Katika Kiingereza aghalabu hutumika hapo, kwa ulegevu, neno lenye maana ya kustahimili. Nami nikaandika "uvumilivu", nikaona nimemaliza.

Baadaye nilipata nafasi ya kukaa siku chache katika karakana moja ya mafunzo mkoani Tabora. Wanafunzi wanne walikuwa wakisanifu bushi ya mpini wa pampu ya maji. Kwenye kioo cha kompyuta tundu lilikuwa milimita 20 na mhimili milimita 20, na vipande viliingiana bila taabu. Mashine ilipomaliza kazi, mkononi vilikataa. "Inabana," akasema mmoja. Wakaongeza tundu kwa milimita moja nzima, wakachapa tena. "Sasa inapwaya," akasema mwenzake. Walirudia mpaka mara ya nne, na katika muda wote huo walijadiliana kwa ufasaha juu ya kubana na kupwaya. Nilipowauliza kama uvumilivu wa bushi yao sasa ulitosha, walinitazama kwa adabu. Mmoja akajibu, "Mwalimu, uvumilivu tunao, ila bushi ndiyo iliyokuwa haitaki."

Nililifuta neno langu jioni ile ile. Kupwaya ni neno la kila siku, husemwa juu ya nguo na viatu, na kila mtoto analijua. Nalo lina jambo ambalo neno langu halikuwa nalo, yaani linataja kinachohisiwa na mkono. Neno nililoliunda mezani ndilo hasa lililopwaya.

MAFUNZO KWA MWANAISTILAHI

Kwanza, tuanze na hazina tuliyo nayo. Kekee ya kutobolea, kerezo la kukerezea, jiliwa la kubania, kalibu na kusubu, yote ni maneno hai au yanayoweza kufufuliwa. Ile ncha ya mashine inayotoa uzi wa plastiki ulioyeyuka yaweza kuitwa kewa, kwa kuwa nayo ni kibomba cha mdomo wa moto. Mafundi wa magari wanayo nozeli, nayo ni halali. Waachwe wanafunzi wayajaribu yote mawili.

Pili, tutazame kitendo chenyewe kabla ya kufasiri neno. Tumezoea kusema kwamba mashine hiyo "huchapa". Lakini chapa hugandamiza, ilhali mashine hii huzungusha uzi juu ya uzi, kama mfinyanzi anavyopandisha chungu kwa misokoto ya udongo. Sisemi neno kuchapa liondolewe, maana limekwisha kuenea. Nasema mwalimu anayeanza somo kwa mfano wa mfinyanzi ataeleweka upesi zaidi, na kwamba tofauti ya kufinyanga na kuchonga inatupa bure mgawanyo mkuu wa mashine hizi: zinazoongeza na zinazopunguza.

Tatu, neno lipewe kazi. Neno kishikwambi lilienea nchini Tanzania kwa kasi katika Sensa ya mwaka 2022, kwa sababu makarani walikuwa nacho mkononi nyumba kwa nyumba, na baadaye vifaa hivyo vikapewa walimu. Tarakilishi na ngamizi, yaliyopendekezwa kwa ajili ya kompyuta, hayakupata bahati hiyo Tanzania. Tarakilishi limeshika zaidi Kenya, ambako shule zilililea.

HITIMISHO

Wahunzi waliouletea mji wa Tabora majembe hawakuiacha lugha yao kwa kuidharau. Waliipoteza kwa sababu kazi iliondoka mikononi mwao. Sasa kazi ya kuunda inarudi, katika karakana zenye kompyuta na nyuzi za plastiki, na wanaoipokea ni vijana waliozaliwa katika njia ile ile ya misafara. Wakiipokea bila lugha, watakuwa watumiaji wa mashine wasioweza kumweleza mkulima wa Lusu kwa nini pampu yake imebana. Wakiipokea pamoja na lugha, maelezo hayo yatafika kijijini siku moja na bushi.

Hivyo hapana budi sisi tuandikao orodha tuondoke mezani. Kila rasimu ya istilahi za ufundi ipitishwe kwanza karakanani, mbele ya wanafunzi wenye kazi halisi mikononi, kabla ya kufikishwa kikaoni kusanifiwa. Neno likibana lilegezwe, na likipwaya lichongwe upya.