Taarabu: Kutoka Kasrini hadi Stafford

Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870–1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni; taarabu ikaimbwa kasrini kwa Kiarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaasisi Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, akaenda Bombay kurikodi kwa Kiswahili, na wasiojua Kiarabu nao wakapata fungu lao.

Sisi tuliohamia Stafford, Texas, tuna funzo hapo. Wajukuu wetu huicheza taarabu harusini bila ya kufahamu maneno. Siti hakuutupa muziki wa Kiarabu; aliutia lugha ya wasikilizaji wake. Tuwafasirie wajukuu nyimbo hizo, kisha tuwaachie jukwaa. Wakiimba kwa Kiingereza, udi hautaona haya.